Barua ya Kustaafisha

Jumatatu, kabla sijafagia baraza,
mashine imeniandikia barua.
Mimi, mwandishi wa barua za watu
hapa Mwembe Tayari, mwaka wa kumi na saba huu,
shilingi hamsini ukurasa, bahasha juu yangu.

"Kifaa hiki hakitapokea tena masasisho.
Tunakushukuru."

Nikacheka peke yangu. Naijua lugha hii.
Makuli wangapi wa bandarini nimewasomea barua kama hiyo,
nikawaandikia na majibu,
na kila mara shukrani iko mkiani,
ndimu juu ya kidonda.

Haijafa, nisikilizeni.
Kweli bawaba imeliwa na chumvi ya hewa,
naiegemeza kioo kwa kopo la maziwa ya unga.
Kweli herufi ya K imebanduka,
nimechora nyingine kwa wanja,
na kila jioni kidole changu
hurudi nyumbani kimepambwa.
Lakini ukiiwasha huwaka.
Ukiituma hutumika.
Ugonjwa wake ni mmoja: aliyeiunda amechoka nayo.

Dukani, barabara ya Digo, kijana mwenye kadi shingoni
hata hakuifungua.
"Mama, hii imepitwa. Chukua mpya, elfu sabini na nane."
Nikagawa kwa hamsini kichwani:
kurasa elfu moja mia tano na sitini,
bila wino, bila karatasi, bila kula.

Mwanangu Feruzi, kwa simu kutoka Doha:
"Iache vivyo hivyo, wengi wanaiacha."
Mlango usio na komeo, mwanangu,
mwizi hauiti mlango, auita njia.
Na humu ndani mna wasia wa watu ambao hawajafa,
mna nambari za vitambulisho,
mna talaka mbili zilizochapwa
na wake wenyewe hawajui.

Nikampelekea Mbodze, mtaa wa Biashara, juu ya duka la leso,
msichana wa Rabai aliyechomeka bisibisi sikioni
pale ambapo wenziwe huchomeka asumini.
Akaniuliza neno ambalo hakuna aliyeniuliza:
"Waifanyia kazi gani?"
Naandika, nikamwambia. Naandika na kuchapa, basi.
"Kuandika hakujapitwa," akasema, akafungua skrubu.

Kwanza tukahamisha. Nyaraka elfu nne na ushei
zikaingia kwenye flashi ndogo kuliko tende.
Diski kuukuu iliyokuwa ikikoroma akaing'oa,
akatia nyingine, nyepesi, haina sauti.
Kisha mfumo mwingine, wa bure,
ulioandikwa na watu wasiojuana,
kama sabili nje ya msikiti:
anywaye hamjui aliyechimba.

Ukaniuliza lugha.
Nikateremka na orodha, Kireno, Kiromania, Kirusi, Kislovenia,
nikaikuta yangu
imekaa kimya kama mgeni aliyewahi arusini.

Sitadanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo.
Printa iligoma siku tatu. Nikaitukana, nikaiombea dua.
Majedwali ya hesabu za Shikeli yakapindika,
akanichukia hadi Ijumaa.
Siku ya nne ikatema ukurasa,
mstari mmoja tu: kkkkkkkkkk.
Mbodze alikuwa ameijaribu ile herufi ya wanja.

Leo amekuja Bwana Dzombo, mwendesha winchi,
bahasha ya kaki imelowa jasho la kwapa.
Nimeisoma. Shukrani iko palepale.
Hakusema neno, alitazama lile kopo la maziwa
na kioo kilichoegemea.

Nikafungua ukurasa mweupe.
"Wajua kazi gani?" nikamuuliza.
Akaanza kuhesabu kwa vidole,
vidole vikamwishia, akarudi kwenye gumba.

Naandika. Wanja bado mbichi.