Mzinga wa Kahe

Sista Perpetua kaileta imeviringwa kwenye kanga,
picha ya rangi za maji, toka kabati la misheni,
mchwa wameshaionja pembe moja.
"Itie fremu, Anaeli. Kioo kisiwe cha kung'aa."
Nikailaza mezani, kati ya harusi mbili na cheti cha veta.

Mzinga.
Wa meli, ila meli haipo.
Uling'olewa kwenye chuma kilichozama, ukatiwa magurudumu,
sasa umekaa Kahe, matope hadi kwenye ekseli,
mdomo chini kama ng'ombe aliyefika mtoni bila kiu.
Aliyeuchora ni ofisa wa manowari, wa upande wa pili:
penseli imeandika Machi 1916, na herufi mbili za jina.
Alijua kazi. Kila parafujo ina kivuli chake.
Kutu peke yake kaipa rangi tatu.
Mlima kaumaliza kwa mipigo miwili ya brashi,
Kibo kama shati lililosahauliwa kambani.

Bibi yangu, Ndeaikunda wa Kirua, alizoea kusema
baba yake aliuvuta mzinga porini, toka reli hadi reli,
nami, mtoto, nikadhani mzinga wa nyuki.
Nikauliza: asali mlikula?
Bibi akacheka mpaka akakaa chini.
Kisha akaacha kucheka.
"Nyuki walikuwepo," akasema. "Asali hapana."
Kamba ilimchimba bega la kulia, likabaki na mfereji;
akioga, maji yalituama pale.

Nimechukua kioo cha kukuzia, nimemtafuta.
Hakuna mtu. Gurudumu, nyasi, gurudumu.
Chini kabisa, ukingoni, kuna doa la kahawia:
labda mtu amechuchumaa,
labda ofisa alikuwa anaijaribu brashi.

Lakini rangi za maji zinataka maji.
Na ofisa haachi kigoda chake, mwanga unamkimbia.
Kuna aliyetumwa Ruvu na kopo la bati,
siku mbili baada ya vita, mto ukiwa na yote uliyobeba,
akayachota, akayaleta, akasimama pembeni
akitazama maji yake yanageuka anga.
Karibu na doa, ndani ya rangi, kuna chembe ya mchanga.
Nimeigusa kwa ncha ya kucha. Haitoki.

Labda si yeye. Najua.
Wapagazi walikuwa wengi kuliko majina.

Nje, kwenye Mtaa wa Rengua, mtu anapigia kelele parachichi.
Nimekata kadi ya ukingoni mara mbili.
Ya kwanza ilikaa sawasawa, kama kanuni inavyotaka,
ikalifunika doa.
Ya pili nimeipunguza upana wa kidole.

Sista kaja Ijumaa, kainama, kavaa miwani.
"Imependeza. Ila hicho kidoa, hukuweza kukificha?"
Nikamwambia kadi iliniishia.