Mia Kasa Moja

Kiota namba kumi na saba, Ruvula, juu ya mstari wa bamvua.
Siku ya hamsini na nane tangu tukizungushie vijiti.
Naandika hivi kwa kuwa Dakta Chinguile anataka hivi:
tarehe kwanza, mshangao baadaye,
na mshangao usizidi mstari mmoja.

Aliyetaga alipanda usiku wa mwezi mchanga.
Nililala kifudifudi nyuma yake, taa nyekundu mdomoni,
nikampima mgongo kwa utepe wa fundi cherehani:
sentimita mia na nne, shingoni hadi pindo la mkia.
Magamba hayakupandana kama vigae, basi si ng'amba.
Begani, kovu la nyavu.
Alikuwa analia, kama wote wanavyolia.
Dakta anasema ile ni chumvi, tezi ya jicho inaitema.
Nimeandika: chumvi.

Katikati ya mayai tulizika kipimajoto
kidogo kama korosho,
kikae huko gizani kikihesabu
joto la kila saa.

Mama yangu, Bi Somoe, aliyala mayai haya
alipokuwa na mimba yangu. Halifichi jambo hilo.
Ndiyo maana hukaa pembeni ya kazi yangu
kama mdai aliyesamehewa nusu ya deni.
Nilimweleza: mchanga ukipoa, chini ya nyuzi ishirini na tisa,
hutoka madume. Ukichemka, majike.
Akacheka mpaka akashika mbavu.
"Mama mkwe wangu, mtu wa Kilwa yule,
alinisema miaka kumi kwa kuzaa wasichana watupu.
Kumbe ningemjibu: ni mchanga!"

Leo nimekichomoa kipimajoto.
Thelathini na moja na nusu, wiki mbili za katikati,
zile wiki zinazoamua.
"Majike watupu," nikasema.
Mama hakucheka tena.
"Na wataolewa na nani?"
Fomu ina safu kumi na mbili.
Swali hilo halina safu.

Siku ya tatu baada ya vitoto kutoka, tunafukua.
Mkono unazama hadi kwenye kiwiko,
harufu inapanda, nzi wanapata habari.
Maganda upande huu, yasiyopasuka upande ule.
Mayai yalikuwa mia na kumi na tatu.
Mama anahesabu maganda kwa sauti, kumi kumi,
kisha anasita, kidole hewani:
"Mia kasa moja."
Hivyo ndivyo walivyofundishwa kutoa enzi zake;
hawezi kupunguza kitu bila kumtaja kasa.
Mimi nimeandika tisini na tisa.

Yaliyobaki nayapasua kwa wembe, moja moja.
Matatu, maji matupu: hayakupata dume.
Mawili, kaa alishafika.
Manane yaliishia njiani, macho tayari,
macho meusi makubwa, na mwili bado haujajua kuwa kobe wa baharini.
Kwa haya mkono wangu hupunguza mwendo.
Dakta hajaniuliza kwa nini.

La kumi na nne halikuwa yai.
Chini kabisa, mgongo chini, mguu umenaswa na mzizi wa mvinje:
kitoto, kizima, kinapiga kasia mchangani
kama kwamba bahari ilishaanza.

Nikakikata mzizi. Nikakiweka mbali na maji,
kitembee chenyewe, kiusome ufuko huu,
maana kikijaliwa, miaka thelathini ijayo
kitautafuta huu huu, si wa jirani.
Nikashika kalamu. "Mama, sasa mia kamili."
"Usiseme kamili," akasema. "Wimbi hilo umeliuliza?"
Tukasimama. Kikapinduliwa mara mbili.
Mara ya tatu hatukukiona.

Jioni nimetuma namba Mtwara mjini.
Dakta amepiga simu: kwa nini umeandika tisini na tisa,
alama ya kujumlisha, moja? Jumlisha basi!
Nikamwambia mtandao wa Msimbati unakatika,
nikaizima simu,
nikaiacha ile moja ilivyo, nje ya hesabu.