Hatua Kumi na Tisa

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Ndivyo tulivyofunzwa, lakini methali
haikusema lolote kuhusu lami
iliyokunjana kama utando wa maziwa yaliyopoa
kutoka barazani hadi getini:
hatua kumi na tisa za mtu mzima,
arubaini na mbili za Musau tangu kiharusi.

Lami hii aliimwaga mwenyewe,
enzi za kusimamia barabara za Wizara,
South C ikiwa bado na vyura wengi kuliko majirani.
Lori lilibakiwa na shehena vuguvugu jioni
na dereva hakutaka igande njiani.
Sikuuliza zaidi.
Nilipika chai ya watu saba,
nikakanyaga weusi ule kwa viatu vya kanisani.

Udongo wa hapa una hasira.
Mvua ya Aprili huuvimbisha kama andazi,
jua la Januari huupasua hadi mkono unaingia.
Miaka thelathini na kitu lami ilivumilia,
ikang'ata midomo,
kisha ikaanza kusema yote kwa mpigo.
Mwezi wa tatu mkongojo ulinasa kwenye ufa.
Nilimkuta amelala kifudifudi,
shavu juu ya kazi yake.

Wakaja mafundi.
Wa kwanza alipima kwa macho, akataja laki mbili,
akalitazama gari letu vizuri, akaongeza thelathini.
Wa pili alitaka kabro.
"Siku hizi kila mtu anaweka kabro, mama."
Musau amebakiwa na maneno manne:
maji, hapana, jina langu,
na tusi moja la Kikamba nisiloweza kuliandika.
Siku hiyo alitumia mawili.

Wa tatu, Wafubwa, alikuja kwa baiskeli,
sururu imefungwa nyuma kwa mpira.
Hakutaja bei. Alichuchumaa.
Ndipo Musau akaanza kugonga kwa mkongojo,
polepole, shubiri kwa shubiri:
ko, ko, ko,
ko, ko,
bu.
Akasimama. Akanitazama. "Kalekye."
Fundi alicheka kidogo, cheko la kumstahi mgonjwa,
hata hivyo akachora duara kwa chaki.

Ko, ko, bu.
Maduara kumi na moja kufikia saa sita.
La kwanza lilipopasuliwa, chini hapakuwa na kitu:
pango, maji ya mfereji wa jirani,
na chura mmoja aliyetutazama
kama tuliokuja kudai kodi.
Wafubwa akavua kofia.
"Mzee alifanya kazi wapi?"
Nikamwambia. Akaacha kuninong'oneza,
akaanza kumuuliza yeye.

Siku tatu moramu ilishindiliwa, kokoto zikapangwa,
pipa likachemka kwa kuni za mkaratusi.
Moshi ulitanda hadi kwa Bi Shamsa;
alianua nguo zake bila salamu,
na jioni akatuletea sambusa.
Fedha za chama zilitosha viraka tisa.
Viwili vya getini nimeviwekea mawe,
tupite kando hadi Desemba, Mungu akipenda.

Sasa njia yetu ni kanzu ya maskini,
kijivu na weusi, weusi na kijivu.
Wapita njia huchungulia.
Nami, niseme kweli, nilitaka iwe moja,
laini, kama ile ya lori.

Jioni ya mwisho hakungoja ipoe.
Nilikuwa jikoni. Niliposikia kimya, nikatoka mbio:
yuko katikati ya kiraka cha tano, wima,
na nyuma yake vitundu vya mkongojo,
vidogo, vya duara, vimefuatana kama kushona.
Wafubwa akashika koleo asawazishe.
"Hapana," akasema Musau.

Najua maji yatatuama humo.
Najua ufa huanzia wapi.
Nilimlipa fundi, nikafunga geti,
nikahesabu vitundu nikirudi ndani.
Nilipotea hesabu kwenye thelathini,
aliponiita anataka maji.