Ngazi za Kadutu

Mia moja na kumi na mbili. Nimezihesabu miaka tisa,
toka barabara ya lami hadi mlango wa karakana yangu,
na miaka minane sikuwahi kuzimaliza kwa mkupuo.
Ya thelathini: nasimama, najifanya natazama ziwa.
Ya hamsini: kifua kinapiga filimbi,
na wauza sambaza wanaambiana, "Mama Nsimire huyo,"
kabla hawajaniona.

Nilikuwa na kilo mia thelathini na moja
na pompu ya buluu kwenye pindo la kitenge,
pale wenzangu wanapofunga noti.

Daktari Bahizire alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa:
pafu, na mtu mnene amelikalia.
"Pumu ni yako," akasema, "ila uzito unaikoleza."
Mimi fundi, nikaelewa upesi.
Koti la kubana halivaliwi, linavumiliwa.

Wakanipunguza tumbo kule Kampala,
likabaki la ukubwa wa ndizi.
Kaka yangu wa Ubelgiji alituma pesa, na maswali.
Mama mmoja wa kwaya akanong'ona, "Mungu hakukosea kushona."
Nikamjibu: hata nguo nzuri hupunguzwa.
Sikumwambia nilivyolia usiku
juu ya vijiko vitatu vya uji
huku bugali ikinukia kwa jirani.

Mwezi wa nne niliamka
nikajikuta nimelala chali.
Chali! Kama mtoto mchanga,
kama mtu asiyedaiwa.
Na mimi niliyelala nimekaa, mito mitatu mgongoni,
nikiilinda pumzi isitoroke.

Magauni saba nimeyakata, yangu mwenyewe.
Vitambaa vilivyobaki vimetosha blanketi la mjukuu,
na mfuko wa cherehani.

Lakini msinipeleke mbele kutoa ushuhuda.
Juzi jirani aliwasha makala yenye unyevu,
moshi ukapanda ngazi kunishinda mbio,
nikapapasa pindo. Pompu ipo.
Niliivuta mara mbili, nikarudi kwenye mkasi.
Zamani ningevuta kumi, kisha pikipiki, kisha hospitali.

Pumu haijahama.
Ni mpangaji niliyempunguzia vyumba.

Leo nimepita thelathini, nikapita hamsini,
nikasimama ya tisini kwa kupenda tu.
Ziwa lina rangi mbili, kumbe,
na upande wa Rwanda mvua ilikuwa inanyesha.
Muuza sambaza akashtuka nyuma yangu:
"Mama Nsimire! Umepita saa ngapi?
Mbona hatukukusikia?"