Jiwe Lililokutana na Dar

Lilikuja jeusi. Nakumbuka:
jeusi kama tako la sufuria ya msibani,
limeviringishwa gazetini, gazeti ndani ya kopo la maziwa,
na Parmitoro, aliyelipakata kwenye basi toka Engaresero,
akaniambia, "Lifunike haraka. Mji wenu una jasho."

Nililifunika. Nikaandika namba, tarehe, Ol Doinyo Lengai.
Ijumaa umeme ukakatika,
ukarudi Jumatatu, kama mdaiwa asiye na haya,
na Dar ilikwisha kupenya kwenye kizibo
na unyevu wake, na chumvi yake ya madirishani.
Jiwe lilikuwa jeupe. Jeupe la unga.

Profesa Mwaipaja akashika kiuno.
Mimi nikatumwa kufagia.

Tunaishi juu ya mfuniko, sisi.
Hakuna aliyeshuka kuchungulia chunguni;
shimo refu kuliko yote ya binadamu
halijatoboa hata ganda.
Tunachoweza ni kutega sikio: tetemeko likipita
hujikokota penye joto, hukimbia penye ugumu,
nasi tunapima, kama tabibu
anayegonga mgongo wa mgonjwa kwa vidole viwili.
Na mara mojamoja mlima hutapika,
na matapishi hayo, samahani, ndiyo barua.

Nyingine nimezisoma. Nayasaga mawe ya volkano
hadi yawe membamba kuliko unywele,
taa ipite, hadubini inywe,
na fuwele hunionyesha pete zake:
hapa lilitulia, miaka sijui mingapi,
hapa magma mpya ilipanda ikalichoma kingo,
hapa likakua tena, harakaharaka,
kama mtu aliyeitwa safari na tonge bado mkononi.

Hili la Lengai sikuwahi kulisaga. Halitaki maji.

Jioni nikapitia soko la Mwananyamala:
maharage kilo moja, vitunguu,
na magadi ya mia mbili kwenye kipande cha daftari la mtoto.
Nikakifungua jikoni. Mwiko ukabaki hewani.
Weupe uleule.
Nikagusa kwa ncha ya ulimi:
ukali ule wa sabuni, wa jivu, wa ugoro wa bibi.

Kumbe.
Mlima unatema, mvua inasuuza,
ziwa linapokea, jua linakausha,
gunia linapanda lori,
na mimi, miaka yote hii,
nalainisha maharage kwa mate ya kina
ambacho profesa anakiombea fedha za utafiti.

Jumanne nikabandika lebo mpya.
Sikuandika *limeharibika*.
Niliandika: *Limekutana na hewa ya Dar es Salaam.
Bado linasema.*

Profesa akaisoma, akavua miwani,
akaisoma tena.
Kisha akauliza maharage yaliiva kwa muda gani.