Daftari la Barabara ya Kumi na Tisa

Shekue alichimba kaburi la mama,
hakudai hata soda.
Harusi ya Kidawa, viti kabeba yeye.
Pikipiki yake tuliichangia sote hapa Ngamiani,
elfu mbili mbili kila Ijumaa,
mweka hazina mimi.

Juzi, usiku wa kampeni,
pikipiki ileile ilizima taa mlangoni kwa mwalimu Semboja.
Fulana mpya, marungu,
vicheko ninavyovijua kimoja kimoja.
Asubuhi mwalimu hana meno ya mbele.
Mtaa mzima tulikuwa tumelala, ati.

Leo kaja na bahasha ya mheshimiwa:
"Andika, mama. Mchango wa vijana."
Nimeandika.
Kisha nikafunua nyuma, ukurasa wa mafuta ya pikipiki,
nikaukuta mwandiko wangu
umenyooka,
kama alivyonifundisha mwalimu.