Faili Moja Kabla ya Saa Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, Mtumba bado haijaamka.
Upepo wa Julai unasukuma vumbi jekundu chini ya mlango
kana kwamba nalo lina kitambulisho cha kazi.
Nimevaa koti la mume wangu juu ya kitenge.
Uji wa uwele unapoa kando ya kibodi.

Usiku kucha mashine sita zimekesha zikiujaribu mfumo wa maji:
moja ilisoma mita,
moja ililipa bili kwa simu, ikalipa tena, ikalipa tena,
moja ilijifanya mzee aliyesahau nywila,
na nyingine zilikuwa na hekaheka zao.
Kila moja imeandika ripoti, imeiacha mlangoni, imelala.

Ripoti sita. Bwana Ndahani anataka moja.
"Sechelela, mkurugenzi hasomi mafaili sita.
Nipe faili moja, ukurasa mmoja,
na ikiwezekana, rangi moja."
Alicheka. Mimi sikucheka sana.

Basi nikaandika amri, mistari kumi na tisa:
ingia kila chumba, beba ulichokikuta,
ivue kila ripoti kichwa na mkia,
laza viwiliwili kwenye mkeka mmoja,
jumlisha waliofaulu, jumlisha walioanguka,
jumlisha na waliorukwa, maana kurukwa nako ni habari,
kisha wavike wote kichwa kimoja.
Nikabonyeza.
Sekunde mbili.
Kijani kitupu, kama Dodoma ya Februari
kwa mtu anayeipita kwa ndege.

Ningepeleka. Nakiri, kidole kilikwisha kufika.
Lakini kwetu Mvumi, mama hakuwahi kufunga gunia
kabla ya kuuliza vikapu vilivyotoka shamba vilikuwa vingapi.
Hakuwa akimshuku mtu.
Alikuwa akihesabu tu.

Nikahesabu.
Mashine zilisema elfu moja mia nne na kumi na mbili.
Faili langu zuri lilisema elfu moja mia nne na tano.

Saba.
Saba hawakuanguka, hawakufaulu, hawakurukwa.
Hawakuwepo.

Nikarudi chumba kwa chumba, taa ya simu mdomoni,
ndivyo nilivyojiona, ingawa nilikuwa nimekaa kitini tu
nikishusha mistari kwa kidole.
Mashine ya tatu na ya sita
ziliziita ripoti zao jina moja.
Aliyefika nyuma akalala juu ya aliyetangulia,
bila ugomvi, bila alama,
na amri yangu ikamhesabu mmoja, ikashukuru.

Nikampa kila mmoja jina lake. Nikabonyeza tena.
Elfu moja mia nne na kumi na mbili,
na katikati ya kijani, mstari mmoja mwekundu.

Niliujua kabla sijausoma.
Jaribio hilo nililiandika mwenyewe mwezi Machi,
nimetoka Nkuhungu kwa dada yangu Mendrada
ambaye bomba lake lilikuwa na wiki ya tano likikohoa hewa
huku bili ikifika kwa wakati kama mgeni mwenye njaa.
Nililipa jina refu, la hasira:
bomba lisilotoa maji lisitozwe.
Lilitarajia sifuri.
Lilipata elfu kumi na nane na mia nne.

Saa tatu kasoro dakika sita Bwana Ndahani aliingia na tai yake,
akainama mbele ya kioo, akanyamaza kidogo.
Nje, lori la maji lilikuwa likinywesha miche ya barabarani.
"Rangi mbili," akasema.
"Ndiyo."
"Huo mmoja hauwezi kungoja wiki ijayo?"

Uji ulikuwa umeganda utando juu. Nikaunywa hivyo hivyo.
"Faili ni moja, bosi," nikamwambia.
"Kama ulivyoagiza."